Mayai ya artemia yanaanguliwa Kisumu, yanagoma Nakuru: ni baridi, ni maji, au ni mayai yenyewe?

1. Kiamunyi
Hamjambo wanajukwaa. Nina kituo kidogo cha kuzalisha vifaranga wa kambale hapa Nakuru, na kuna jambo ambalo limenishinda. Mimi na shemeji yangu aliyeko Kisumu tulinunua kopo moja la mayai makavu ya artemia, wale wadudu wadogo wa maji ya chumvi ambao vitoto vyao ni chakula cha vifaranga wa samaki, tukaligawana nusu kwa nusu. Yeye akiyatia katika maji ya chumvi jioni, kesho yake jioni huvuna vitoto vya rangi ya machungwa hadi chombo kinaonekana kama kimetiwa rangi. Mimi hufuata utaratibu uleule, gramu zilezile kwa kila lita, chumvi ileile ya mezani, pampu ya hewa ikivuma usiku kucha, lakini napata vitoto vichache tu kati ya mayai mengi yaliyofumba. Baadhi ya mayai hayo hufunguka siku inayofuata, wakati vifaranga wangu wamekwisha kuanza kulana.

Maji ninayotumia ni ya mvua, kwa kuwa kisima kilicho karibu kina floridi nyingi. Dai langu ni kwamba chanzo ni mwinuko wa mahali. Nakuru iko takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, Kisumu takriban 1,130, na oksijeni hupungua kadiri mtu anavyopanda. Kiumbe wa baharini hawezi kupumua vizuri huku juu. Kama kuna mwenye maelezo bora zaidi, ninayasubiri.

2. Mvuvi wa Dunga
Ni baridi, ndugu yangu. Usiku wa Nakuru hushuka hadi nyuzi kumi na kitu, nasi huku Kisumu hulala madirisha yakiwa wazi. Weka kipimajoto ndani ya chombo alfajiri kabla ya kuilaumu milima.

3. Mwalimu wa Viumbe
Salaam. Naomba kwanza nisahihishe suala la mwinuko, kwa sababu likiachwa litatupotezea muda. Katika Nakuru kanieneo ya hewa ni kama asilimia 80 ya ile ya pwani, kwa hiyo maji yenye chumvi kidogo, yakiwa na joto la nyuzi 28 na yakipulizwa hewa vizuri, bado yatashika zaidi ya miligramu 5 za oksijeni kwa lita. Mayai ya artemia huanguliwa vyema hata oksijeni ikiwa karibu na miligramu 4, na matatizo makubwa huanza ikikaribia 2. Zaidi ya hayo, Mono Lake kule California liko takriban mita 1,945, yaani juu kuliko Nakuru, na limejaa artemia. Katika nyanda za Tibet kuna artemia wanaoishi katika maziwa yaliyo karibu na mita 4,500. Kama mwinuko ungekuwa kizuizi, hao wasingekuwapo.

Nieleze pia kinachotokea ndani ya yai, kwa sababu hapo ndipo tutakapojua pa kutafuta kosa. Yai kavu lina upana wa takriban robo ya milimita, na ndani yake kuna kiinitete chenye seli zipatazo 4,000 ambacho kimesimamisha shughuli zake zote. Akiba yake ni sukari iitwayo trehalosi, ambayo pia hukilinda dhidi ya ukavu. Likipata maji yai huvimba na kuwa duara, na likipata mwanga baada ya kulowa, shughuli huanza tena. Trehalosi hugeuzwa kuwa gliseroli, na gliseroli huvuta maji kuingia ndani mpaka ganda linapasuka kwa nguvu ya msukumo. Kiinitete hutoka kikiwa bado kimefungwa katika utando, kikaning'inia chini ya ganda, kisha kimeng'enya maalumu hulainisha utando huo na mtoto akaogelea. Kila hatua ina masharti yake ya joto, mwanga, chumvi, ualkali na oksijeni. Hatua moja ikikwama, utaona mayai yamefumba, au utaona mayai yaliyopasuka lakini watoto hawakutoka. Kwa hiyo namwuliza Kiamunyi: mayai yako yaliyobaki yamefumba kabisa, au mengine yamepasuka na kitu kinaning'inia?

4. Mama Kambale, Kakamega
Asante, Mwalimu, hili la kuning'inia sikuwahi kulisikia likielezwa vizuri hivyo. Mimi naunga mkono baridi ya Mvuvi wa Dunga. Hapa Kakamega miezi ya Juni na Julai mvua hunyesha mchana na usiku huwa mzito, na mavuno yangu ya artemia hupungua kila mwaka katika miezi hiyo. Nilianza kuweka balbu ya kale, ile inayochoma mkono, karibu kabisa na chombo, na tangu hapo navuna ndani ya saa 24 kama watu wa Kisumu. Balbu za kisasa zisizotoa joto hazikunisaidia.

5. Mwanafunzi, Maseno
Shikamoo, Mama. Kisa chako ni kizuri, lakini hakitenganishi joto na mwanga, kwa sababu balbu yako ilileta vyote viwili kwa pamoja. Mwanga unaopendekezwa ni takriban lukisi (kipimo cha ukali wa mwanga) 2,000 juu ya maji, hasa katika saa za kwanza baada ya mayai kulowa, na mtu anayeyatia mayai jioni katika chumba chenye giza anaweza kuyanyima ishara ya kuanza. Kiamunyi anasema huyatia jioni. Shemeji yake pia huyatia jioni, ila hatujaambiwa kama chumba chake kina taa.

Marahaba ya Mama ikifika nitaendelea, maana nina maelezo ya tatu.

6. Mama Kambale, Kakamega
Marahaba, mwanangu. Balbu za kisasa zilikuwa na mwanga mkali kuliko ile ya kale na bado hazikufaa, kwa hiyo joto lina haki yake. Endelea.

7. Mwanafunzi, Maseno
Maelezo yangu ya tatu ni maji ya mvua. Kile kimeng'enya alichokitaja Mwalimu hufanya kazi vizuri pH (kipimo cha asidi na ualkali) ikiwa juu ya 8, na ndiyo sababu miongozo hupendekeza pH ibaki kati ya 8 na 8.5 muda wote. Maji ya mvua yaliyotiwa chumvi ya mezani hayana bikaboneti ya kuzuia pH isiyumbe. Mayai mengi yakianza kupumua kwa pamoja hutoa kaboni dioksidi, maji yakawa na asidi, na watoto wakanaswa katika utando. Maji ya Ziwa Victoria au ya visima vingi huwa na kinga fulani ya asili. Gramu moja au mbili za bikaboneti ya sodiamu (soda ya kuokea) kwa kila lita zingemaliza ubishi huu.

8. Kiamunyi
Nawashukuru. Nimechunguza kwa kioo cha kukuza, na hali ni mchanganyiko: mengi yamefumba kabisa, na machache yana hicho kinachoning'inia. Kipimajoto alfajiri kilionyesha nyuzi 19. Nilipohamishia chombo katika chumba cha vifaranga wa kuku, ambako kuna joto la kutosha, mavuno yaliongezeka waziwazi lakini hayakufikia ya shemeji yangu. Kuhusu taa, shemeji anasema huwasha hadi anapolala, mimi huzima.

9. Mvuvi wa Dunga
Jambo moja linanishangaza. Mtu anaishi kando ya ziwa la magadi, heroe wakipita juu ya paa lake, kisha anakwenda dukani kununua chumvi ya kufugia mdudu wa maji ya chumvi! Chota maji ya Ziwa Nakuru, ndugu yangu, uone kama hawatafurahi.

10. Chumvi ya Gongoni
Salaam kutoka pwani. Nimeufuata uzi huu kwa hamu kwa sababu nimefanya kazi miaka mingi katika mashamba ya chumvi kaskazini mwa Malindi, ambako artemia waliletwa kutoka Marekani katika miaka ya 1980 na wakastawi. Naona wengi hapa wanamwita kiumbe wa baharini, na mmoja aliniandikia faraghani akamwita uduvi. Uduvi ni jamaa wa kamba na huishi baharini. Artemia ni krasteshia (jamii pana ya kamba na kaa) wa kundi jingine, mwenye jozi 11 za miguu kama manyoya ambayo humtumikia kwa kuogelea, kuchuja chakula na kupumua kwa wakati mmoja, na hana gamba la kumfunika mgongo. Baharini hayupo kwa sababu hana kinga yoyote dhidi ya samaki. Katika mabwawa yetu ya mwanzo, ambayo chumvi yake haijapita sana ile ya bahari, samaki wadogo huingia na maji na hapo hutamwona artemia hata mmoja. Maji yanapokwenda bwawa la pili na la tatu na kukolea hadi mara mbili au tatu ya bahari, samaki hufa, na artemia hujitokeza kwa mamilioni. Kwa hiyo chumvi ile kali haipendi. Anaivumilia kwa sababu adui zake hawaiwezi. Ndiyo maana anaweza kuanguliwa hata katika chumvi ya gramu 5 kwa lita, na kwa kweli huko huanguliwa kwa urahisi zaidi, kwa kuwa gliseroli haihitaji kushindana na chumvi nyingi ya nje ili kuvuta maji.

Uzazi wake nao ni wa ajabu, na nimeutazama kwa miaka. Dume humshika jike kwa antena zake pana na wakaogelea pamoja kwa muda mrefu. Chakula kikiwa kingi na maji yakiwa tulivu, jike huzaa watoto wanaoogelea. Oksijeni ikishuka, chumvi ikipanda sana au hali ikigeuka ghafla, jike yuleyule hubadili na kutoa mayai yenye ganda la kahawia, ambayo upepo wa kusi huyasukuma hadi ukingoni yakalala kama mstari wa vumbi. Jike mwenye afya anaweza kutoa hadi watoto au mayai 300 kila baada ya siku nne hivi. Na oksijeni ikipungua, mwili wake huongeza himoglobini akawa mwekundu kabisa. Kiumbe mwenye uwezo huo hawezi kushindwa na mwinuko wa Nakuru.

11. Bonde la Ufa
Nikiwa mkazi wa Nakuru, nalijibu pendekezo la Mvuvi wa Dunga kwa uzito unaostahili, kwa sababu watu wengine wanaweza kulifuata. Maji ya Ziwa Nakuru hayana chumvi ya aina ya bahari. Chumvi ya bahari ni kloridi ya sodiamu zaidi, na ya ziwa letu ni kaboneti na bikaboneti ya sodiamu, yaani magadi, yenye pH iliyokaribia au kupita 10 katika miaka mingi. Pili, tangu takriban mwaka wa 2010 ziwa limepanda na kumeza barabara na lango la zamani la hifadhi, na magadi yake yamezimuliwa sana. Tatu, ziwa liko ndani ya hifadhi ya taifa, na kuchota maji humo kwa biashara si jambo la mtu kujiamulia. Tangu zamani ziwa hili halikuwa na artemia. Krasteshia wake mashuhuri alikuwa kopepodi mmoja mkubwa kiasi, aliyechunguzwa sana katika miaka ya 1970 na akatoweka ziwa lilipokolea. Naamini magadi ndiyo yanayomzuia artemia.

12. Mwalimu wa Viumbe
Bonde la Ufa, nakubaliana nawe kuhusu hifadhi, lakini magadi peke yake hayatoshi kuwa jibu. Mono Lake nililolitaja pia ni ziwa la magadi, pH yake ni karibu 10, na artemia wamo tele hadi ndege wanaohama hutua huko kwa ajili yao. Kuna artemia wanaoishi katika maji ya kloridi, ya salfati na ya kaboneti, na kila kundi limezoea mchanganyiko wa maji ya kwao. Mtoto wa artemia ana kiungo shingoni kinachotoa chumvi nje ya mwili, na mtu mzima hutumia sehemu za miguu yake kwa kazi hiyo. Pampu hizo hufanya kazi kwa kubadilishana sodiamu na potasiamu, kwa hiyo uwiano wa madini huweza kuwa na maana kuliko jumla ya chumvi. Ukimhamisha ghafla artemia wa Great Salt Lake kule Marekani, aliyezoea kloridi, hadi katika magadi, pengine atakufa. Hilo halimaanishi kwamba jamii nzima ya artemia haiwezi magadi.

Tukimleta wa Mono Lake napo tungekwama kwa njia nyingine. Mayai yake huzama, na huhitaji kukaa miezi kadhaa katika maji baridi kabla ya kuamka. Ziwa Nakuru halina msimu wa baridi wa namna hiyo.

13. Chumvi ya Gongoni
Mimi bado nasema ni samaki. Kule Nakuru waliwekwa tilapia wadogo kutoka Ziwa Magadi katikati ya karne iliyopita ili wale viluwiluwi vya mbu, wakazaana kupita kiasi hadi ndege wala samaki kama wari wakaja kuwala. Artemia asingepona hapo.

14. Bonde la Ufa
Hoja yako ina upungufu mkubwa: kabla ya tilapia hao kuwekwa, ziwa halikuwa na samaki kabisa, na artemia bado hakuwapo.

15. Chumvi ya Gongoni
Basi sababu ya zama zile ilikuwa nyingine, na ya leo ni samaki.

16. Mama Kambale, Kakamega
Wazee wangu, mwenzetu ana vifaranga wenye njaa Nakuru. Nawaomba turudi kwenye chombo chake.

Kiamunyi, ulisema mligawana kopo. Nusu yako ilisafiri na kuhifadhiwa vipi? Mayai haya hustahimili mambo makubwa yakiwa makavu kabisa, lakini yakivuta unyevu nusunusu huharibika bila mtu kuona. Nilifundishwa kwamba unyevu wa yai ukipita asilimia 10 hivi, kiinitete huanza kutumia akiba yake bila kuwa na maji ya kutosha ya kuanguliwa. Kinajichosha kidogokidogo mpaka siku ya kazi kikose nguvu za kupasua ganda. Baada ya kufungua kopo, mimi hugawa mayai katika chupa ndogo zenye kifuniko kinachokaza, na kuziweka katika friji.

17. Kiamunyi
Nusu yangu ilikuja kwa matatu ndani ya mtungi wa plastiki, na imekaa kabatini katika chumba kilekile chenye matangi. Nusu ya shemeji imebaki katika kopo la bati na kifuniko chake.

18. Mvuvi wa Dunga
Ila Kisumu kuna unyevu mwingi hewani kuliko Nakuru. Kama ni unyevu, mayai ya shemeji ndiyo yangeharibika kwanza.

19. Mama Kambale, Kakamega
Unyevu wa mji na unyevu wa chumba chenye matangi yanayopulizwa hewa mchana na usiku havilingani. Kabati lake huenda lina unyevu kuliko ufuo wa Dunga.

20. Mwanafunzi, Maseno
Naongeza upande wa asili ya mayai, maana hakuna aliyeuliza kopo lilitoka wapi. Uvumilivu wa viumbe hawa hurithiwa na hubadilika kwa haraka. Wapo kopepodi waitwao Tigriopus wanaoishi katika vidimbwi vya miamba pwani ya magharibi ya Amerika Kaskazini, ambavyo jua huvikausha hadi vikakolea na mvua huvizimua kwa saa chache. Kopepodi wa kusini, kwenye jua kali, huvumilia joto ambalo huwaua wenzao wa kaskazini, ingawa ni spishi moja. Hata kwa artemia imeonekana hivyo: waliotoka San Francisco Bay huko California na kupandwa Vinh Chau nchini Vietnam katika miaka ya 1980 walizaa vizazi vinavyovumilia joto kuliko mababu zao katika muda mfupi. Mayai ya sehemu nyingine hupendelea joto fulani, na mengine huchelewa.

21. Mwalimu wa Viumbe
Mfano mzuri, lakini kopo ni moja. Asili ya mayai haiwezi kueleza tofauti kati ya nusu mbili za kopo lilelile.

22. Mwanafunzi, Maseno
Haiwezi kuieleza peke yake, Mwalimu, ila inaweza kuikuza. Mayai ya aina inayodai nyuzi 28 yataonyesha tofauti kubwa kati ya Nakuru na Kisumu, na mayai ya aina inayovumilia nyuzi 22 yasingeonyesha tofauti yoyote. Kwa hiyo mtu mwingine wa Nakuru aliyenunua kopo jingine anaweza kuja hapa akaapa kwamba baridi haina shida, na asiwe amesema uongo.

23. Molo Juu
Ndiyo mimi. Niko juu na baridi kuliko Kiamunyi, natumia kisima, sitii bikaboneti, na mayai yangu huanguliwa, ila huchukua kama saa 36. Sijaona mayai mengi yaliyofumba. Kinachonisumbua ni tofauti kabisa: watoto wanaotangulia huwa wamedhoofika ninapowavuna pamoja na wa mwisho.

24. Mwalimu wa Viumbe
Molo Juu, ushahidi wako unamsaidia Mwanafunzi kwa upande wa maji na unamwumiza Mvuvi wa Dunga kwa upande wa baridi. Visima vingi vya Bonde la Ufa vina bikaboneti kwa wingi, kwa hiyo wewe una kinga ya pH bila kuitia. Na Kiamunyi asiogope sana floridi ya kisima kwa kazi hii, kwani hata maji ya bahari yana floridi ya zaidi kidogo ya miligramu 1 kwa lita. Kisima chenye miligramu chache si ugeni wa kutisha kwa kiumbe huyu, hasa kikichanganywa na maji ya mvua.

Kuhusu kudhoofika, hilo ni suala la ukuaji. Mtoto anayetoka ana urefu usiofika nusu milimita na ile rangi ya machungwa ni kiini anachokitegemea, kwa sababu bado hana mdomo na utumbo unaofanya kazi. Baada ya saa zipatazo nane, kwa joto la kutosha, huvua gamba la kwanza, na hapo ndipo anapoanza kuchuja chembe ndogo. Asipopata chakula, katika siku moja hupoteza robo hivi ya uzito wake mkavu, akawa mrefu zaidi, mwembamba, mwepesi wa kukimbia na asiye na rangi. Kifaranga wa kambale humfukuza kwa shida na akimkamata hapati chakula cha maana. Akilishwa vizuri ataendelea kuvua gamba mara 15 hivi mpaka awe mtu mzima wa takriban sentimita moja; katika hali bora kabisa hufikia hapo ndani ya siku nane, na kwa wafugaji wengi ni wiki mbili hadi tatu. Anayevuna kwa ajili ya vifaranga anapaswa kumkamata kabla ya hilo gamba la kwanza. Usipoweza kuwalisha wote mara moja, waoshe na uwaweke katika friji kwenye nyuzi 4 hivi hadi kesho, wakipulizwa hewa kidogo, na watatumia akiba yao polepole sana.

25. Nyando Mabwawa
Naomba niseme neno kwa niaba ya wale wasioweza kununua kopo. Sisi huku Nyando huwafuga moina kwa mbolea ya kuku katika tangi la saruji. Moina ni krasteshia wa maji yasiyo na chumvi, jike huzaa bila dume siku zote chakula kikiwapo, na watoto hukomaa kwa siku chache. Tangi likikauka au chakula kikiisha, madume hutokea na mayai ya kudumu hutagwa, karibu sawa na alivyoeleza Chumvi ya Gongoni. Faida yake kubwa ni kwamba hafi akitiwa katika tangi la kambale. Artemia hufa baada ya saa chache katika maji yasiyo na chumvi, akazama na kuoza.

26. Mvuvi wa Dunga
Na ochonga, wale kamba wadogo wa Ziwa Victoria, je? Ziwa limejaa ochonga, na jike hubeba mayai yake chini ya tumbo hata mtoto anaweza kuyaona.

27. Nyando Mabwawa
Ochonga ni mkubwa mno kwa kifaranga wa siku ya nne. Akaushwe na kusagwa kwa ajili ya kambale waliokwisha kukua kidogo, hapo ni chakula bora.

28. Bonde la Ufa
Kabla mjadala haujafungwa, nina ombi moja kwa wote walio karibu na maziwa ya Nakuru, Elmenteita na Bogoria. Tafadhali msimwage mabaki ya artemia, hai au mayai, mahali yanapoweza kufikia maziwa hayo. Mwalimu ametuonyesha kwamba hatuna uhakika magadi yatawazuia, na aina ya Kimarekani imekwisha kuwaondoa artemia wa asili katika sehemu nyingi za Ureno, Hispania na Ufaransa. Mayai yake husafiri kwa miguu na utumbo wa ndege, na sisi tuna ndege kuliko pengine popote. Ziwa Nakuru liko katika orodha ya Ramsar, ile ya kimataifa ya ardhioevu muhimu, tangu 1990. Mwagieni maji hayo shambani, mbali na mfereji, au yachemsheni kwanza.

29. Kiamunyi
Nitafanya hivyo. Kwa upande wa kuanguliwa, nimeamua kujaribu vyombo vitatu usiku mmoja katika chumba cha kuku, taa ikiwaka: kimoja maji ya mvua matupu, kimoja mvua na bikaboneti, kimoja maji ya kisima. Shemeji atanitumia kijiko cha mayai ya kopo lake nikitie katika chombo cha nne. Mayai yake yakinigomea na mimi, nitajua kabati langu halina kosa.

30. Mama Kambale, Kakamega
Ongeza cha tano: mayai yako katika kisima, gizani. La sivyo Mwanafunzi atasema hatukumtendea haki kuhusu mwanga.

31. Molo Juu
Swali la mwisho kutoka kwangu. Maganda matupu huwachanganyaje vifaranga? Wangu wengine hufa tumbo likiwa limejaa.

32. Chumvi ya Gongoni
Ganda halimeng'enywi, na kifaranga mdogo akimeza mengi utumbo huziba. Zima hewa kwa dakika tano hadi kumi, funika sehemu ya juu ya chombo na uache mwanga chini. Maganda yataelea, watoto watafuata mwanga hadi chini, na mayai yasiyoanguliwa yatazama chini yao, kwa hiyo toa maji ya mwanzo kidogo uyamwage, kisha ukusanye watoto kwa chujio laini na usimame kabla maganda hayajafika mlangoni. Usikawie, maana wakirundikana chini bila hewa watakosa oksijeni. Wengine huondoa ganda lote kwa klorini kabla ya kuangua. Njia hiyo ni nzuri, lakini mchanganyiko huo hupata moto haraka sana, kwa hiyo uwe na barafu karibu na usuuze mpaka harufu ya klorini iishe.

33. Molo Juu
Nimeelewa. Je, kitambaa cha shela kinafaa kuwa chujio?

34. Chumvi ya Gongoni
Kinafaa kama matundu yake hayazidi sehemu ya nane hivi ya milimita. Kikiwa wazi zaidi, watoto wengi watapita.